Mchanga Ndani ya Kava

Tarehe sita Mei mwaka jana, siku ya Jumanne, saa nne kasoro robo asubuhi, nilimpoteza mume wangu. Alikuwa kazini kwake, ameinamia meza ya kukatia. Akasema kifua kinambana, akaketi kwenye kiti cha gari alichokuwa anakishona, na hakuinuka tena. Nyumbani aliacha miwani yake ya kusomea juu ya redio, simu yake kwenye chaji, na uani ndoo ya buluu yenye kitambaa cheupe alichokiloweka baada ya sala ya alfajiri.

Nitaeleza habari ya kile kitambaa. Kuhusu kifo chenyewe sina zaidi ya hayo niliyoandika, kwa sababu sikuwepo.

Mume wangu alikuwa fundi wa kushona viti vya magari, maturubai ya malori na makava ya kila namna. Banda lake lilikuwa kando ya barabara hapa Morogoro mjini, na banda la pili yake lilikuwa la fundi rangi, rafiki yake wa miaka mingi. Mimi niliishia darasa la saba, lakini cherehani naijua. Nilikuwa nampelekea chakula mchana, kisha nakaa nashona mapindo hadi jioni. Ndiyo maana siku lile gari lilipokuja nilikuwepo.

Ilikuwa mwishoni mwa Aprili. Gari lilikuwa jekundu, la spoti, milango miwili, limelala chini kiasi kwamba mbuzi wa jirani alikuwa akilitazama uso kwa uso. Mwenyewe alikuwa kijana wa kama miaka thelathini na tano, mzaliwa wa kijiji kimoja cha misheni huko juu mlimani, ambako wazazi wake bado wanalima kabichi na karoti. Kazi yake ilikuwa Dodoma, na kila wiki alikuwa njiani. Malori yalikuwa yamempiga kokoto hadi pua ya gari ikawa na vishimo kama uso wa mtu aliyeugua tetekuwanga. Fundi rangi alikuwa ameipaka upya pua yote, na siku ile ndiyo kwanza ilikuwa imetoka kwake, inang'aa mpaka unaona meno yako.

Kijana akamsalimia mume wangu shikamoo, akatoa simu, akamwonyesha picha ya gari lililofunikwa mbele kwa ngozi nyeusi iliyoshonwa kwa umbo lake, taa zikiwa nje.

"Mzee, nataka livae kitu kama hiki. Tarehe saba Juni mdogo wangu anaolewa. Nimemwahidi tangu yuko darasa la tano kwamba atatoka kanisani ndani ya gari langu. Sasa kabla ya hapo nina safari nne za Dodoma na moja ya Dar. Rangi yenyewe bado changa. Ikiharibika tena sina muda wa kupaka."

Mume wangu akavaa miwani, akaitazama ile picha kwa muda.

"Hii ni nikabu," akasema.

Fundi rangi akacheka hadi akashika ukuta. "Gari la Mkatoliki livae nikabu!"

"Si macho yapo nje? Mdomo umefunikwa, heshima ipo. Kuna ubaya gani?"

"Mimi sina neno, mzee," kijana akasema, "ilimradi likifika kanisani livue."

"Kanisani litavua. Njiani litavaa. Hili litanisikia. Huyu hapa," akaninyooshea kidole, "namwambia avae mwaka wa thelathini huu, hataki."

"Mimi sifuatani na malori barabara ya Dodoma," nikamjibu. "Kokoto za kunipiga usoni zitoke wapi?"

Wakacheka wote. Naandika maneno haya kwa sababu ndiyo mara ya mwisho kucheka naye mbele ya watu.

Baada ya hapo akaanza kazi. Alipasua mifuko ya saruji, akakung'uta vumbi, akapanga zile karatasi juu ya pua ya gari na kuzishikiza kwa utepe wa gundi wa fundi rangi. Alikata pole pole kuzunguka taa, kuzunguka pale pa namba, na kila ukingo akaupitishia kiganja kama mtu anayempima mtoto nguo ya sikukuu. Huku anafanya kazi akamwambia yule kijana jambo ambalo alikuwa amewaambia wateja wengine mara nyingi, na mimi nimelisikia mara nyingi.

"Jiwe linagonga mara moja, linaenda zake. Utaliona, utalichukia, utaliziba. Lakini mchanga ukiingia ndani ya kava haukuambii. Upepo unalitikisa, mchanga unasaga, unasaga, na wewe unaona ngozi nyeusi kwa nje unadhani rangi yako iko salama. Siku ukilivua ndiyo utajua."

Kwa hiyo kitambaa cha ndani kilikuwa na taratibu zake. Alitumia pamba laini yenye manyoya mafupi, ile waliyokuwa wakishonea nepi zamani. Alikiloweka ili kitoe wanga wa kiwandani na kijikunje kabisa kabla ya kushonwa. Kisha alikianika juu, kwenye waya aliokuwa ameufunga chini ya bati la banda, mahali ambapo kuku hafiki wala vumbi la barabarani halifiki. Hakuna aliyeruhusiwa kukigusa mpaka kikauke. Haya yote niliyajua. Sikuwa mgeni wa kazi ile.

Siku ya msiba mvua ilinyesha. Uani kwetu pakawa tope tupu, na watu walikuwa wanateremka kutoka mlimani tangu adhuhuri. Vijana wa mtaani wakaleta mchanga wa mtoni, guta mbili, zile baiskeli za mizigo zenye magurudumu matatu, wakaumwaga chini ya turubai la msiba watu wapate pa kukaa. Mchanga wa mito yetu unatoka juu mlimani, na umejaa ulanga, vile vigamba vyembamba vinavyometameta. Tulipokuwa wadogo tulikuwa tunajibandika usoni tukijiita maharusi.

Siku ya tatu, baada ya hitima, turubai likafunguliwa na jua likatoka. Nilikwenda uani nikaiona ndoo ya buluu. Maji yalikuwa yameanza kutoa harufu. Nikakitoa kile kitambaa, nikakisuuza mara tatu, nikakikamua. Kamba ilikuwa imejaa khanga za wageni na taulo zao, hata pa kutundika leso hapakuwepo. Huko kwetu mlimani nguo huanikwa juu ya mawe na majani, na nimekua hivyo. Mchanga wa msiba ulikuwa umekauka juu, mweupe, ulionekana msafi kuliko kitu chochote pale uani. Nikakitandaza juu yake. Nilikaa kwenye kigoda kukilinda na kuku hadi alasiri, nikakikunja, nikakiingiza ndani.

Sikufikiri lolote. Nilifurahi tu kwamba nimekiokoa kisioze.

Nilianza kukaa eda. Kwetu mwanamke aliyefiwa na mumewe anakaa ndani miezi minne na siku kumi. Hatoki hovyo, hajipambi, hazungumzi na wanaume wa nje bila haja. Wifi yangu, dada mkubwa wa marehemu, alikuja kukaa nami. Ni mtu wa maneno makali na mikono laini. Alikuwa akinigombeza kwa kutokula huku ananimenyea ndizi.

Wiki ya pili fundi rangi alikuja kutoa pole tena. Alikaa barazani, wifi kati yetu.

"Shemeji," akasema, "siku ile makaburini walipotangaza kwamba mwenye kumdai marehemu ajitokeze, yule kijana wa gari jekundu alikuwepo. Amesimama nyuma na viatu mkononi kwa ajili ya tope. Hakuitaja kazi yake. Nilipomuuliza baadaye akaniambia, acha, nitatafuta fundi mwingine Dodoma."

"Vipande vimekatwa?" nikauliza.

"Vyote. Viko kwenye mfuko, na alama zake."

Wifi akadakia kabla sijasema. "Basi lete, na cherehani lete. Ndugu yangu hawezi kulala kule na kazi ya mtu juu yake. Wifi atashona. Eda haimkatazi kushona."

Hivyo ndivyo nilivyoshona kava la gari nisiloweza kutoka kwenda kuliona.

Nilishona siku nne. Vipande vya ngozi bandia vilikuwa na alama zake za chaki: mshale wa juu, mstari wa pindo, msalaba mahali pa kila ndoano. Kila nilipokishika kipande, chaki ilipungua. Nilijaribu kushika pembeni tu, lakini mkono wa kushona hauwezi kushika pembeni siku nzima. Siku ya pili, nilipokuwa nakigeuza kitambaa cha ndani ili nikiunganishe na ngozi, nilihisi kitu chini ya kidole gumba. Kidogo sana, kama chembe ya chumvi. Nikakipeleka dirishani, nikakikung'uta. Nikapitisha kiganja. Nikahisi tena mahali pawili.

Hapa ndipo ningeweza kuandika kwamba sikujua. Nilihisi. Nilijua pia dawa yake, kukifua upya na kukianika juu. Lakini hali ya hewa ilikuwa ya unyevu, kingechukua siku tatu, na siku tatu hizo zile alama za chaki zingekuwa zinafutika mfukoni. Nilitaka kushona wakati mkono wake bado unaonekana. Nikakikung'uta mara nyingine, nikajiambia kinatosha, nikaendelea.

Fundi rangi alilipeleka kava kwenye gari, akalivalisha, akatuma picha kwenye simu ya wifi. Lilikuwa limekaa vizuri sana. Chini ya picha aliandika: "Kama ngozi yake mwenyewe." Wifi alimwonyesha kila aliyeingia, hata muuza maziwa. Usiku ule nililala.

Jumatano, siku kumi kabla ya harusi, nilikuwa napangusa vumbi chumbani. Nikaichukua ile miwani juu ya redio. Ilikuwa na alama ya dole gumba lake kwenye kioo cha kulia, na sikutaka kuigusa hiyo, kwa hiyo nikapangusa cha kushoto peke yake. Nilitumia kilichokuwa karibu, kipande kilichobaki cha kitambaa cheupe. Nilipangusa taratibu, nikizungusha. Kisha nikakiinua dirishani nione kama kimetakata.

Kioo kilikuwa na mikwaruzo myembamba, mviringo juu ya mviringo, kama nywele za mtoto. Nikakitazama kile kitambaa kwenye jua. Katikati ya manyoya yake kulikuwa na kitu kinachometa. Nikakikunjua, nikakikunja upande mwingine. Kilimeta huko pia.

Nilikaa chini pale pale sakafuni. Jambo la kwanza nililofikiri si miwani. Nilifikiri: safari ngapi? Nikahesabu kwa vidole. Kwenda Dodoma, kurudi, kwenda tena. Leo anarudi, fundi rangi alikuwa ametuambia.

Wifi alinikuta nimekaa hivyo. Nikamweleza yote, isipokuwa kwamba nilihisi wakati wa kushona. Hilo nililimeza.

Alisikiliza, mikono kiunoni. "Sasa unataka nini?"

"Nimpigie alivue."

"Wifi, umo ndani ya eda. Utampigia mwanaume barabarani?"

"Kwa haja."

"Haja gani? Sikiliza. Barabara ile ina mawe, ina vumbi, ina malori. Rangi ikichubuka atasema ni barabara. Nani atasema ni kitambaa? Ukimpigia, utakuwa umemwambia kwamba kazi ya mwisho ya ndugu yangu ni mbovu. Hiyo itabaki mjini baada ya sisi wote."

"Si yake iliyo mbovu. Ni yangu."

"Watu watasema yake! Wewe nani anakujua kwa kushona?"

Alikuwa anasema kweli na nilijua. Nikakaa na ukweli huo kama nusu saa. Niliona kava likipepea kwenye pua ya gari, mchanga wa msiba wake ukisaga, na yule kijana akiendesha huku anapiga mluzi. Nilimsikia na mume wangu: haukuambii, haukuambii. Kila dakika niliyokaa ilikuwa kilometa.

Nikaenda kwenye chaji. Simu yake ilikuwa imejaa, hakuna aliyeichomoa tangu siku ile. Haikuwa na namba ya siri; alikuwa akisema mtu asiye na siri akiweka namba ataisahau tu. Nikatafuta. Alikuwa amemwandika "Nikabu". Nikabonyeza.

Iliita hadi ikakaribia kukatika, ndipo ikapokelewa. Nikasikia pumzi na taa za dharura zikigonga, tik, tik.

"Haloo?" nikasema.

"Nani?" Sauti ilikuwa ndogo.

"Ni mke wake. Mke wa fundi."

"Mama! Shikamoo mama. Nimeona jina la mzee limetokea kwenye simu, nimeegesha gari."

Sikuwa nimelifikiria hilo. Nikamwomba radhi. Nikamuuliza yuko wapi.

"Nimepita Gairo sasa hivi."

"Mwanangu, kitambaa cha ndani cha kava kina mchanga. Nilikianika vibaya. Livue."

Nikasikia lori kubwa likipita karibu yake, honi ndefu.

"Mama, mbele yangu kuna kipande kinatengenezwa. Kokoto zimemwagwa barabarani na malori yanapita juu yake. Nikilivua hapa napigwa. Una hakika na hilo la mchanga?"

Hapo nilitaka simu ikatike. Nikimwambia avue na jiwe limpige, ni mimi. Nikimwambia aache, mchanga unasaga, ni mimi pia.

"Nina hakika," nikasema. "Livue."

"Haya, mama."

Alikata. Wifi alikuwa amesimama mlangoni, amesikia yote. Alikwenda jikoni, nikasikia vyombo vikigongwa kuliko ilivyohitajika.

Tulingoja zaidi ya saa mbili. Sijawahi kungoja hivyo, hata siku ya msiba, kwa sababu siku ile hakukuwa na la kungoja. Nilisali adhuhuri, nikasahau nimefika rakaa ya ngapi, nikarudia. Nilikwenda dirishani mara nyingi mno. Wifi akasema, "Utalivuta kwa macho?" Kisha yeye mwenyewe akaja kuchungulia.

Kijana alifika saa tisa kasoro, na fundi rangi nyuma yake kwenye bodaboda. Alikuwa amemwita njiani. Kijana akabisha hodi, akakaribishwa barazani. Wifi akaketi kati yetu kama kawaida, amejifunga khanga vizuri kama mtu anayekwenda mahakamani. Kijana akanipa shikamoo na pole, akaliweka kava juu ya mkeka, limekunjwa, ndani nje.

"Mama, nitasema nilivyoona," akasema. "Shavu la kushoto chini ya taa, kuna mikwaruzo. Eneo la kiganja. Haijafika chini, inaonekana ukiinama tu. Na kulia," akasita, "kulia kuna jiwe limenipiga baada ya kulivua. Moja. Dogo kama punje ya mtama, lakini limefika kwenye bati."

"Mimi ndiye niliyekuambia ulivue."

"Ndiyo, mama."

"Tena kuna jambo jingine." Nilihisi wifi akigeuka kunitazama. "Nilipokuwa nashona niliuhisi huo mchanga mkononi. Nilikung'uta tu. Nilipaswa kukifua upya, sikukifua."

"Eh! Wifi!" Alijipiga paja. "Na mimi hukuniambia!"

"Nilikuficha."

Kijana alilitazama lile kava. Fundi rangi alikuwa anajikuna shingo, anatazama dari.

"Kwa nini hukukifua?" kijana akauliza. Hakuuliza kwa ukali, alitaka kujua.

Nikamwambia habari ya chaki. Niliisema vibaya, kwa vipande vipande, na nusu yake nadhani haikueleweka.

Nikaomba kuliona gari. Wifi akasema barabarani sitoki, hilo nisilifikirie. Fundi rangi akapendekeza gari lije hadi getini, nami niangalie kutoka barazani. Lakini kati ya barabara na geti letu kuna mfereji, na gari lile tumbo lake liko chini kama la kenge. Wakatafuta mbao kwa majirani. Kijana akalipandisha pole pole, fundi rangi akitembea kinyumenyume mbele yake na mikono juu: "Njoo, njoo, njoo, kulia kidogo, kulia, simama! Unataka kulivunja kidevu?" Wanawake watatu wakatoka nyumba za jirani kutazama. Mmoja akauliza kama tunaolewa. Wifi akamjibu, "Ndiyo, tunaolewa na mumeo," na kwa mara ya kwanza wiki hiyo nikaona mdomo wake unacheza.

Pua ya gari ikaingia getini. Nilishuka ngazi mbili za baraza, na wifi hakunizuia. Niliinama. Niliiona mikwaruzo. Ilikuwa ile ile ya kwenye miwani, mviringo juu ya mviringo. Upande wa kulia nikaona ile alama ya jiwe. Nikapitisha kidole mahali pote pawili.

"Hii ya kushoto itatoka kwa polishi," fundi rangi akasema nyuma yangu. "Ya jiwe nitaigusa kwa brashi. Atakayejua ni mimi na yeye tu."

"Na mimi," nikasema.

"Na wewe."

Kijana alikuwa bado ameshika usukani. Nilimwambia kwamba akitaka kumpa kazi fundi mwingine ni haki yake. Akasema Alhamisi ya wiki inayofuata anakwenda Dar kuchukua nguo za bibi harusi na kumleta shangazi yake, na hawezi kupita Mikese na malori yale bila kitu mbele.

"Badilisha cha ndani," akasema. "Fundi atakuja kulichukua Jumatano." Sikuweza kujua kama amenisamehe au hana tu mtu mwingine.

Nilikifumua kitambaa chote cha ndani. Fundi rangi alininunulia kitambaa kipya. Nikakiloweka kwenye ndoo ile ile ya buluu, nikakisuuza mara tano, na tukafunga kamba chumbani kutoka dirishani hadi kwenye msumari wa kabati. Kilikaa hapo siku nne. Wifi na mimi tulikuwa tunainama chini yake tukienda kulala, na mtu aliyekiegemea kwa bahati mbaya alikemewa. Ngozi niliifuta kwa maji, kila mshono, kwa ncha ya mswaki. Alama za chaki zilitoka zote. Nilizitazama zikitoka.

Jumatano asubuhi kava lilikuwa tayari. Nililigeuza ndani nje juu ya kitanda, nikalipapasa kwa kiganja, kwa shavu, kwa midomo. Sikuhisi kitu. Lakini sikujiamini tena. Mara ya kwanza nilihisi nikajidanganya; sasa nisipohisi ningejuaje?

Nikaichukua miwani. Kioo cha kulia kilikuwa bado na alama ya dole gumba lake. Nilikaa nayo mapajani muda mrefu, mpaka nikasikia fundi rangi anabisha hodi na wifi anamkaribisha. Kisha nikashika pembe ya kava na kupangusa kile kioo kwa kitambaa cha ndani, nikizungusha, kwa nguvu, mahali pa kwanza, mahali pa pili, kila upande wa kava, mahali kumi na pawili kwa jumla. Nikakipeleka dirishani. Hakikuwa na mkwaruzo hata mmoja. Hakikuwa na kitu chochote.

Nikalikunja kava, nikampa wifi ampelekee.

Jumamosi ilikuwa siku ya harusi. Saa nane tukasikia honi na matarumbeta ya msafara kutoka upande wa kanisani. Mimi sikuweza kutoka. Wifi akajitupia khanga kichwani, akakimbia hadi kona ya barabara, mtu wa miaka sitini na mbili. Nilibaki mlangoni nikisikia honi zikija, zikapita, zikapungua. Akarudi anahema, ameshika mbavu.

"Limepita?"

"Limepita. Halina nikabu. Bibi harusi kanipungia mkono, mimi simjui hanijui."

"Na shavu la kushoto?"

Akaketi kwenye ngazi, akavua ndala moja, akakung'uta mchanga uliokuwa ndani.

"Wifi," akasema, "gari lilikuwa linapita. Nimeona jekundu."